Gari la lita moja: Kwa nini uzito na upepo ndivyo vinavyokula mafuta

Mwaka 2002 gari dogo lilisafiri kutoka Wolfsburg hadi Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, kwa lita mbili na ushei za dizeli. Ujuzi uliowezesha safari hiyo haukupotea. Kwa nini basi magari ya watu wengi hayakufuata njia hiyo? Ndiyo mada ya makala yetu ya Sayansi na Teknolojia.

Ilikuwa mwezi Aprili mwaka 2002. Ferdinand Piëch, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya utendaji ya kampuni ya magari ya Volkswagen, alikuwa ameshakaribia kukabidhi madaraka yake. Mkutano mkuu wa wenye hisa ulikuwa unafanyika mjini Hamburg, na Piëch hakwenda huko kwa ndege wala kwa gari la kifahari la kampuni. Alijikunja ndani ya chombo chembamba cha rangi nyeusi, kilichokuwa na viti viwili tu, kimoja mbele na kingine nyuma yake, akaendesha mwenyewe kutoka Wolfsburg, yaliko makao makuu ya kampuni hiyo. Ni safari ya takriban kilomita 230. Alipowasili ilibainika kuwa gari lake limetumia wastani wa lita 0.89 za dizeli kwa kila kilomita 100.

Wasikilizaji wapendwa, ili kuuona uzito wa tarakimu hiyo, yafaa kukumbuka kuwa gari la kawaida la abiria la wakati huo lilihitaji lita sita, saba, hata tisa kwa mwendo huohuo wa kilomita 100. Gari la Piëch lilikuwa na tangi la lita sita na nusu, na kwa tangi hilo dogo lingeweza kwenda zaidi ya kilomita 600. Tena injini yake haikuwa na maajabu makubwa. Ilikuwa injini ya dizeli yenye silinda moja, ukubwa wake sentimita za ujazo 299, na nguvu za farasi zisizozidi tisa. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria mitaani zina nguvu kama hizo au zaidi.

Siri, basi, ilikuwa wapi? Haikuwa katika injini peke yake. Ilikuwa katika mambo mawili ambayo mnunuzi wa gari ni nadra kuyauliza: gari lina uzito gani, na linaikata vipi hewa.

Tuanze na swali lenyewe: mafuta tunayoyatia katika gari huishia wapi? Sehemu kubwa, katika injini ya petroli mara nyingi zaidi ya theluthi mbili, hugeuka joto na kupotea kupitia bomba la moshi na rejeta. Kinachobakia ndicho kinachofika kwenye magurudumu, na huko kinakabiliwa na maadui watatu. Adui wa kwanza ni hewa, ambayo gari halina budi kuisukuma kando ili lipate kupita. Wa pili ni matairi, ambayo hubonyea na kurudi katika hali yake kila yanapozunguka, na kila yanapobonyea hula nguvu kidogo. Wa tatu ni uzito wenyewe, kwani kila unapokanyaga mafuta ili kuongeza mwendo unalipia kila kilo iliyomo garini, na unapokanyaga breki yote uliyoyalipia hugeuka joto na kupeperuka.

Maadui hawa hawana nguvu sawa kila wakati. Tuchukue mfano wa gari la kawaida lenye uzito wa kilo 1,400, likienda mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Hapo ukinzani wa matairi huwa mkubwa kuliko ule wa hewa, takriban mara mbili. Lakini ukinzani wa hewa haukui sambamba na mwendo. Mwendo ukiongezeka maradufu, ukinzani huo huongezeka mara nne. Kwa hiyo gari hilohilo likifika kilomita 100 kwa saa mambo hugeuka: sasa hewa ndiyo inayodai takriban theluthi mbili ya nguvu zote. Kwa maneno mengine, mjini dereva hulipia zaidi uzito. Na katika barabara kuu hulipia zaidi upepo.

Hilo la upepo wahandisi wamelijua kwa muda wa karne nzima. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Paul Jaray, mhandisi aliyekuwa akishughulikia umbo la meli za angani za Zeppelin mjini Friedrichshafen, alianza kuutumia ujuzi huo katika magari. Mwaka 1921, katika maonyesho ya magari ya Berlin, Edmund Rumpler alionyesha gari lililofanana na tone la maji. Gari hilo lilipopimwa katika handaki la upepo la Volkswagen mwaka 1979, yaani karibu miaka 60 baadaye, wahandisi walistaajabu: kipimo chake cha ukinzani wa hewa kilikuwa 0.28, kiwango ambacho magari mengi mapya ya wakati huo hayakukifikia.

Kipimo hicho cha ukinzani wa hewa ni namba inayoonyesha umbo la kitu linavyopishana na hewa. Kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo hewa inavyopita kwa urahisi. Magari mengi ya abiria ya leo yako baina ya 0.25 na 0.35. Hata hivyo, namba hiyo peke yake haitoshi. Lazima izidishwe kwa ukubwa wa uso wa gari linapotazamwa kutoka mbele. Gari refu na pana, hata likichongwa vizuri namna gani, huisukuma hewa nyingi kuliko gari fupi na jembamba.

Na hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Tumezoea kudhani kuwa gari la mwendo kasi linapaswa kuchongoka mbele kama mshale. Sivyo. Sehemu iliyo muhimu zaidi ni ya nyuma. Mtazame jodari: mbele ni mnene na wa mviringo, kisha mwili wake hupungua polepole kuelekea mkiani. Maji yanayogawanyika kichwani hupata nafasi ya kukutana tena kwa utulivu nyuma yake. Gari lililokatwa wima nyuma kama sanduku huiacha hewa katika vurumai, na nyuma yake hutokea eneo lenye mgandamizo mdogo ambalo hulivuta gari lisiende mbele. Ndiyo maana magari ya aina hii huwa na mkia mrefu unaoteremka, magurudumu ya nyuma yaliyofunikwa na kusogezwa ndani, na tumbo la chini lililosawazishwa ili hewa isikwaruzwe na mabomba na vyuma.

Lakini historia inatufundisha pia kuwa umbo peke yake halitoshi. Mwaka 1939, katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani, Karl Schlör aliunda gari lililofanana na yai, nalo likapewa jina la utani la Yai la Göttingen. Lilipita hewani kwa urahisi usiokuwa na mfano. Hata hivyo lilikuwa pana kupita kiasi, lilikuwa zito kuliko gari ambalo fremu yake liliazima, na upepo wa ubavuni uliliyumbisha. Halikuundwa kamwe kwa ajili ya kuuzwa.

Naam, sasa tuugeukie uzito. Hapa wahandisi huzungumzia mzunguko ambao unaweza kuwa wa neema au wa balaa. Ukipunguza kilo 100 katika bodi ya gari, injini ndogo zaidi itatosha kulisukuma. Injini ikiwa ndogo, fremu inayoibeba inaweza kuwa nyepesi. Fremu ikiwa nyepesi, breki, springi na matairi nayo hupungua, na tangi la mafuta pia, kwa sababu safari ileile sasa inahitaji mafuta machache. Kila kilo iliyotoka inaitoa nyingine. Na kinyume chake ni kweli vilevile: ongeza kiti kinachopashwa joto, mota ya dirisha na spika kumi za muziki, na punde utahitaji injini kubwa zaidi, na injini hiyo nayo itahitaji chuma zaidi cha kuibeba.

Gari la Piëch la mwaka 2002 lilikuwa ni mfano wa mzunguko wa neema uliofikishwa mwisho wake. Uzito wake wote ulikuwa kilo 290. Mifupa yake ilikuwa ya magnesiamu, madini mepesi kuliko alumini, na ngozi yake ilikuwa ya nyuzi za kaboni, zile zinazotumika kuundia magari ya mashindano. Upana wake ulikuwa mita 1.25 tu, na kimo chake mita moja na ushei. Ndiyo sababu abiria alikaa nyuma ya dereva na si pembeni yake: kwa kufanya hivyo uso wa gari ulipungua sana. Kipimo chake cha ukinzani wa hewa kilikuwa 0.159. Vioo vya pembeni viliondolewa na kamera zikachukua nafasi yake. Pamoja na wembamba huo wote, gari liliwekewa mfuko wa hewa wa kumlinda dereva na breki zisizojifunga zikakokota tairi.

Je, gari hilo lilipata kuuzwa? Safari ilikuwa ndefu. Mwaka 2009, katika maonyesho ya Frankfurt, Volkswagen ilionyesha gari la pili la jamii hiyo. Kisha mwezi Januari mwaka 2011, katika maonyesho ya magari ya Qatar mjini Doha, yaani katikati ya nchi zenye mafuta tele, kampuni hiyo ikazindua la tatu, lililopewa jina la XL1. Hili lilikuwa gari mseto: injini ya dizeli ya silinda mbili ikisaidiwa na mota ya umeme na betri inayochajiwa. Viti viliwekwa sambamba, cha abiria kikirudi nyuma kidogo ili mabega yasigongane. Uzito wake ulikuwa kilo 795, ambazo kati yake chuma kilikuwa kilo 184 tu.

Kuna tarakimu moja ya gari hilo inayostahili kukumbukwa kuliko zote. Kwa mujibu wa waundaji wake, ili XL1 liende kilomita 100 kwa saa bila kupunguza mwendo katika barabara tambarare, lilihitaji kilowati 6.2 tu, sawa na nguvu za farasi zipatazo nane na nusu. Gari la kawaida tulilolitolea mfano hapo awali huhitaji takriban kilowati 12 kwa kazi hiyohiyo. Mwendo ni uleule na barabara ni ileile, ila jasho ni nusu. Matumizi rasmi ya mafuta yalikuwa lita 0.9 kwa kilomita 100, ingawa hapa inafaa kutahadhari: kipimo hicho kinahesabu pia kilomita zilizoendeshwa kwa umeme uliokwisha kuchajiwa. Betri ikiisha, matumizi yalikuwa takriban lita mbili. Hata hizo ni chache mno.

XL1 liliundwa mjini Osnabrück kuanzia mwaka 2013. Bei yake ilikuwa takriban euro 111,000. Magari yaliyotengenezwa yalikuwa 250 tu, kisha kazi ikasimama. Ukipiga hesabu, mtu aliyelinunua angelazimika kuendesha kwa miaka mingi kupita umri wa gari lenyewe ili akiba ya mafuta irudishe fedha zake. Gari lililoundwa kwa ajili ya kubana matumizi likawa pambo la watu wasiohitaji kubana matumizi.

Wasikilizaji, hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kizuizi cha kwanza ni bei ya nyuzi za kaboni. Bati la chuma hupigwa na mashine kubwa na kuwa mlango wa gari kwa muda wa sekunde chache. Nyuzi za kaboni huhitaji kupangwa, kutiwa gundi maalumu na kukaushwa kwa joto, kazi ambayo huchukua muda mrefu zaidi. Lakini kusema kwamba bei ndiyo sababu pekee itakuwa ni kuficha nusu ya ukweli. Kampuni hiyohiyo iliuza baina ya mwaka 1999 na 2005 gari dogo liitwalo Lupo 3L, lililotumia lita tatu kwa kilomita 100, likiwa na viti vinne na bodi ya kawaida iliyopunguzwa uzito kwa alumini na magnesiamu. Lilikuwa ghali kuliko Lupo ya kawaida, na wanunuzi hawakulipigania.

Nchini Marekani nako jambo hili lilipata ushahidi mwingine. Mwaka 2010 zilitolewa zawadi za jumla ya dola milioni 10 kwa magari yatakayoweza kwenda zaidi ya maili 100 kwa galoni moja, au kiasi cha nishati kilicho sawa nayo. Zawadi kubwa, dola milioni tano, ilichukuliwa na kundi la Edison2 kutoka jimbo la Virginia. Gari lao lilikuwa na viti vinne na injini ndogo ya silinda moja, na uzito wake haukufika kilo 400. Lilitumia nishati sawa na lita 2.3 za petroli kwa kilomita 100. Hilo nalo halikuingia sokoni.

Na kwa wale wanaopenda kujua mwisho wa jambo uko wapi, mwezi Juni mwaka 2005 wanafunzi na wahandisi wa chuo kikuu cha ufundi cha ETH mjini Zurich, Uswisi, waliendesha nchini Ufaransa chombo kiitwacho PAC-Car II. Kilikuwa na uzito wa kilo 29, mtu mmoja akiwa amelala ndani yake, na kilitumia haidrojeni. Nishati iliyotumika ilipolinganishwa na petroli, ilionekana kuwa kwa lita moja chombo hicho kingeweza kwenda kilomita 5,385. Bila shaka hakuna atakayekwenda nacho sokoni au kupeleka watoto shule. Lakini kinaonyesha wazi kuwa sehemu kubwa ya mafuta tunayoyanunua haimbebi msafiri. Inabeba chuma na kusukuma upepo.

Kwa bahati mbaya, dunia ilichukua mkondo wa upande wa pili. Volkswagen Golf ya kwanza, ya mwaka 1974, ilikuwa na uzito usiofika kilo 800. Golf za miaka ya karibuni hupita kilo 1,200. Sehemu ya nyongeza hiyo ni ya haki kabisa: mifuko ya hewa, milango iliyoimarishwa, na bodi inayomlinda abiria wakati wa ajali. Hakuna anayetaka hayo yaondolewe. Lakini sehemu nyingine ni mapendeleo tu. Shirika la Kimataifa la Nishati linaeleza kuwa mwaka 2023 karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa duniani yalikuwa yale makubwa na marefu ya kwenda juu, mfano wa magari ya porini, ijapokuwa mengi yake hayatoki nje ya lami. Na yanapozidi barabarani, mwenye gari dogo huogopa kugongana nayo, naye hununua kubwa. Huo ndio mzunguko wa balaa, na safari hii haumo katika gari moja, bali katika jamii nzima.

Je, magari ya umeme yamelifuta tatizo hili? Wengine hudhani hivyo. Ukweli ni kwamba yamelirudisha kwa sura mpya. Betri ni nzito na ni ghali, na kila kilowati inayopotea kwa kupambana na hewa inahitaji betri kubwa zaidi ili kufika mbali. Kwa sababu hiyo umbo la gari limerudi kuwa mjadala mkubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2024, gari la majaribio la Mercedes-Benz liitwalo Vision EQXX, lenye mkia mrefu na kipimo cha ukinzani wa hewa cha 0.17, liliondoka Riyadh, Saudi Arabia, likafika Dubai bila kuchajiwa njiani. Lilikwenda kilomita 1,010, katika joto la jangwani, likitumia wastani wa kilowati-saa 7.4 kwa kilomita 100.

Hapo pana ulinganisho wa kuvutia. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilowati-saa 10. Kwa hiyo gari la Piëch la mwaka 2002, kwa lita zake 0.89, lilibeba tangini karibu kilowati-saa tisa kwa kilomita 100. Magari hayo mawili, moja la kilo 290 na jingine la zaidi ya kilo 1,700, moja la moshi na jingine la umeme, yanakaribiana katika matumizi. Gari la umeme lina mota isiyopoteza nishati kwa joto kama injini ya dizeli, na hiyo ndiyo inayofidia uzito wake. Fikiria basi lingetumia kiasi gani kama lingekuwa na mota hiyo na kilo 290 kwa pamoja.

Pengine msikilizaji atauliza: mimi ninayeendesha gari lililokwisha kutumika Japani kabla halijanifikia, au teksi ya kukodi, haya yananihusu nini? Yanakuhusu, kwa sababu kanuni hazichagui gari. Keria iliyoachwa juu ya paa bila mzigo hupambana na hewa kila siku na hulipiwa kila siku. Tairi lililopungua upepo hubonyea zaidi, na kubonyea huko ni mafuta, mbali na hatari ya kupasuka. Mizigo iliyosahauliwa nyuma ya gari hulipiwa kila breki inapokanyagwa mjini. Na dereva anayetoka kilomita 120 kwa saa akarudi 100 katika barabara kuu huupunguza ukinzani wa hewa kwa takriban asilimia 30, bila ya kununua kifaa chochote. Kuliona gari lililosimama mbele mapema na kuondoa mguu kwenye mafuta, badala ya kukimbia kisha kukanyaga breki, ni ujuzi usiohitaji magnesiamu.

Wanaonunua gari nao wanaweza kubadili swali. Mara nyingi muuzaji huulizwa injini ina ukubwa gani na gari limeshakwenda kilomita ngapi. Ni nadra kuulizwa lina kilo ngapi. Tarakimu hiyo huandikwa katika kadi ya gari katika nchi nyingi, na mara nyingi inatabiri gharama za miaka ijayo kuliko sifa zote zinazotajwa dukani.

Ferdinand Piëch alifariki dunia mwaka 2019. Dizeli, mafuta aliyoyategemea katika gari lake la lita moja, yaliharibiwa jina na kashfa ya udanganyifu wa vipimo vya moshi iliyoikumba Volkswagen mwaka 2015. Yumkini injini ya aina ile haitarudi. Lakini somo la gari lile halikuwa la injini. Lilikuwa kwamba lita rahisi kuliko zote ni ile ambayo gari halikuihitaji tangu mwanzo. Wahandisi wamekwisha kuthibitisha kuwa jambo hilo linawezekana, na wamefanya hivyo zaidi ya mara moja. Linalosubiriwa sasa ni kiwanda kitakachoukubali wepesi huo kwa bei ya mtu wa kawaida, na wanunuzi watakaokubali kwamba gari dogo si alama ya unyonge.